Maji ya Kifuu Si Mto

Wanafunzi wenzangu, sisi tunaosoma Kiswahili nje ya pwani yake tumezoea kuandika insha kuhusu ngeli, ushairi na hadhi ya lugha. Leo mimi ninaandika kuhusu mnyama, na ninaandika kwa hasira. Mnyama huyo ni yule kobe wa majini mwenye gamba laini, anayeishi katika Mto Nile na Ziwa Albert hapa Uganda. Tunamtoa mtoni, tunamtia katika beseni, tunamlisha makombo ya meza, kisha tunashangaa anapokufa. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji asinitafute katikati ya maneno: asiyeweza kumpa samaki mwenye miba, mchanga laini, jua na maji safi hana haki ya kumweka hata kwa wiki moja, na aliyetolewa mtoni hapaswi kufugwa nyumbani na mtu yeyote, awe tajiri au maskini.

Nitaanza na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yetu, na kwa kuwa naamini sehemu ya kosa imo humo. Kiswahili kilizaliwa pwani, na pwani ina wanyama wawili wa ukoo huu: kobe wa nchi kavu na kasa wa baharini. Kobe ana gamba gumu lililovimba, hula majani, hutembea polepole. Kasa ana mapezi na huogelea baharini. Mgawanyo huo unatosha kabisa kwa mtu wa Lamu au Pemba. Ila ulipofika bara, kwenye mito na maziwa, ulimkuta mnyama wa tatu ambaye haukumtengea nafasi. Tukamwita kobe, au kobe wa maji. Katika Luganda nako neno enfudu humbeba kobe wa hadithi, yule mjanja wa nchi kavu, na watu humtupia mnyama yeyote mwenye gamba mgongoni. Jina likishakuwa kobe, mambo mengine yanafuata yenyewe. Kobe hula majani, basi mpe kabeji. Kobe huishi uani, basi mweke uani. Kobe ni mvumilivu, basi usimsumbukie. Katika insha hii nitamwita kasa wa mto. Sidai kwamba jina hilo limo katika kamusi. Ninachotaka ni kuitenga akili ya msomaji na lile neno kobe kwa muda wa kurasa chache.

Huyu kasa wa mto ni nani? Wanasayansi humwita Trionyx triunguis, na majina yote mawili yanataja jambo moja: kucha tatu katika kila mguu. Alielezwa kwa maandishi ya kisayansi mwaka 1775, katika kitabu cha Peter Forsskål, mtaalamu wa viumbe aliyepita Misri na kufia Yemen kabla kazi yake haijachapishwa. Anapatikana kuanzia Nile hadi Kongo na Afrika Magharibi, na kaskazini anafika mpaka pwani za Uturuki na Israeli. Si mdogo. Aliyekomaa sawasawa anaweza kuwa na gamba linalokaribia urefu wa mita moja na uzito unaopita kilo 40. Gamba lenyewe halina vile vigae vigumu tunavyoviona kwa kobe wa shambani. Juu ni ngozi, na chini ya ngozi kuna mifupa bapa. Pua yake ni ndefu kama mrija, shingo yake hurefuka ghafla, na taya zake zinauma kwelikweli. Hujizika katika mchanga chini ya maji, akaacha macho na pua tu, akisubiri windo lipite. Nani miongoni mwetu, akisoma maelezo hayo bila kutajiwa jina, angefikiri juu ya kobe anayetafuna majani uani?

Nimemwona kasa wa mto katika nyumba moja ya wageni karibu na Ziwa Albert. Alikuwa katika beseni la plastiki la kufulia nguo, maji yamekuwa ya kijani, na juu ya maji vinaelea vipande vya chapati na posho. Ukingo wa gamba lake ulikuwa umetobolewa na kupitishwa kamba, ili asitoroke usiku. Nilipouliza, niliambiwa mambo matatu: kwamba anakula chochote, kwamba beseni linamtosha kwa kuwa bado mdogo, na kwamba kobe hana shida, ni mnyama wa kuvumilia. Baadaye nilipolizungumza jambo hilo na wanafunzi wenzangu nikaongezewa mengine mawili: kwamba haya ni mambo ya watu wenye pesa, na kwamba kufuga ni njia mojawapo ya kuhifadhi. Hizo ni hoja tano. Nitazijibu moja baada ya nyingine, kwa sababu ni hoja za watu wengi, na hakuna hata moja iliyo na mashiko.

Hoja ya kwanza ni kwamba anakula chochote. Ni kweli kwamba kasa wa mto si mchaguzi. Mtoni hula samaki, konokono, kaa, kamba wa maji baridi, wadudu, vyura, mizoga, na hata matunda yaliyoanguka majini. Wataalamu humweka katika kundi la wanyama wanaokula nyama na mimea. Lakini kukubali kumeza kitu hakumaanishi kwamba kitu hicho kinamjenga. Mtoto mdogo naye hula udongo, na hakuna mama anayesema udongo ni chakula cha mtoto.

Tazama kilichomo katika chapati na posho: wanga mwingi, mafuta, na kalisi kidogo mno. Sasa kumbuka kwamba mnyama huyu, ingawa tunamwita wa gamba laini, ana mifupa mipana chini ya ngozi ile, na mifupa hiyo inataka kalisi kila siku anapokua. Neno laini nalo limetupotosha. Anaponyimwa kalisi, mwili huichota kutoka katika mifupa yake mwenyewe. Taya hulegea, miguu hupinda, mgongo huharibika. Wala usidhani kwamba ukimpa nyama tupu isiyo na mfupa umemaliza kazi. Nyama ya msuli ina fosforasi nyingi mara kadhaa kuliko kalisi, na fosforasi ikizidi, kalisi kidogo iliyopo haipati kutumika vizuri. Anayemkatia kasa vipande vya nyama ya ng'ombe kila siku anamharibu mifupa kwa gharama kubwa, na anayempa chapati anafanya hivyohivyo kwa bei nafuu.

Anachohitaji ni windo zima. Samaki mdogo mzima, na kichwa chake, miba yake na matumbo yake. Konokono na ganda lake. Minyoo ya udongo, wadudu, kamba. Ndani ya windo zima mna kalisi ya mifupa na vitamini za maini, na hivyo ndivyo mto unavyomlisha. Hata samaki hafai kuwa wa aina moja tu. Samaki wa dhahabu, yule anayefugwa kwa pambo, pamoja na baadhi ya samaki wa ukoo wa kapu, wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na mnyama akilishwa hao peke yao hudhoofika mishipa ya fahamu akiwa na tumbo lililojaa. Akikosa vitamini A, kope huvimba mpaka macho yanafumba, na asiyeona hawindi. Watu husema amelala. Kumbe amepofushwa na chakula. Kasa mchanga anahitaji kulishwa kila siku au karibu kila siku, na mkubwa kila baada ya siku mbili au tatu, kiasi cha kuliwa chote kwa dakika chache. Kinachobaki hutolewa, kwa kuwa mabaki huoza katika maji yaleyale anamoishi.

Kuna mtu atanijibu kwa mfano wa Bangladesh. Katika ziara ya Bayazid Bostami mjini Chittagong kuna kasa weusi wa gamba laini, na mahujaji wamewalisha mikate, ndizi na vipande vya nyama kwa vizazi vingi. Mwaka 2002 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, liliwatangaza kuwa wametoweka porini, wakawa wamebaki katika mabwawa ya namna hiyo tu, mpaka baadaye walipotambuliwa tena katika mito ya Assam nchini India. Basi, huuliza mpinzani wangu, mbona hao wanaishi kwa mikate? Jibu ni kwamba wao wako katika bwawa pana, lenye tope, jua na viumbe wengine wa kuwinda. Mkate kwao ni nyongeza. Kasa wa beseni hana tope la kuchimbua wala konokono wa kutafuta, kwa hiyo ukimpa mkate, mkate ndio wote alio nao. Kuuchukua mfano wa bwawa kuutetea ubaya wa beseni ni kudanganya kwa kulinganisha visivyolingana.

Na kama mtu anadhani suala la lishe ni dogo, na amtazame ndugu mkubwa wa mnyama huyu kule Asia, yule aitwaye Rafetus swinhoei. Mmoja wa mwisho kabisa alikuwa katika Ziwa Hoan Kiem mjini Hanoi, akafa Januari 2016. Nchini China, mwaka 2008, dume na jike walikutanishwa katika bustani ya wanyama ya Suzhou ili wazae. Jike alitaga, lakini hakuna yai lililoanguliwa, na mengi yalikuwa na maganda membamba mno, ishara iliyowafanya wataalamu kuishuku lishe yao. Jike huyo alikufa Aprili 2019 bila kuacha mtoto. Bustani yenye madaktari na bajeti ilisumbuliwa na suala la chakula, na wewe unaniambia chapati inatosha?

Hoja ya pili ni ile ya beseni. Watetezi wake hupenda kutumia methali yetu: maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Methali ni nzuri, ila waliitunga kwa ajili ya chungu. Chungu hakui kufikia mita moja. Kasa wa mto anayeonekana leo kama sahani ya chai atakuwa kama sinia, kisha kama meza, na wakati huo mwenye nyumba atakuwa amechoka naye.

Lakini ukubwa si hoja yangu kuu kuhusu beseni. Hoja yangu kuu ni kwamba kwa mnyama huyu maji ni zaidi ya makazi. Kasa wa gamba laini huvuta hewa kwa mapafu kama sisi, lakini akiwa chini ya maji huchukua pia oksijeni kupitia ngozi yake na kupitia utando wa koo lake. Ndiyo maana anaweza kujizika mchangani kwa muda mrefu. Watafiti wa Singapore walionyesha mwaka 2012 kwamba ndugu yake wa China hutoa sehemu kubwa ya urea yake kwa njia ya mdomo, akiusuuza kwa maji. Basi, ngozi yake na maji anamokaa havitenganiki kirahisi. Ukimweka katika maji ya kijani yenye amonia ya mkojo wake mwenyewe, umemfungia mtu katika chumba cha moshi na kumwambia avute pumzi taratibu.

Beseni lina ubaya mwingine ambao hauhitaji utafiti, unahitaji mkono tu. Tumbukiza mkono saa saba mchana katika maji kidogo yaliyoachwa juani, kisha utumbukize tena alfajiri. Mto haupandi na kushuka joto kwa namna hiyo. Kasa hana joto la mwili la kujitegemea. Maji yakipoa sana, chakula hakisagwi tumboni. Yakichemka, hana pa kukimbilia. Ukimhamishia ndani ya nyumba kumwepusha na jua, umempa tatizo jingine: ngozi yake inahitaji mwale wa jua ule unaotengeneza vitamini D, na mwale huo hauvuki kioo cha dirisha. Bila vitamini hiyo, hata kalisi ya miba ya samaki haifiki katika mifupa. Chakula, maji na jua ni mlolongo mmoja, na beseni linaukata mahali pote.

Halafu kuna mchanga. Mnyama ambaye hujizika ili awinde na ili ajisikie salama, akiwekwa juu ya plastiki tupu huzunguka na kukwaruza usiku kucha. Wengine, kwa nia njema, humtilia kokoto ili beseni lipendeze. Kokoto humchubua tumbo na ukingo wa gamba, na kwa kuwa gamba hilo ni ngozi hai, mchubuko hugeuka kidonda, kidonda huingia bakteria na ukungu, na sumu huishia katika damu. Sasa fikiri juu ya ile kamba iliyopitishwa kwenye ukingo wa gamba. Aliyetoboa alidhani anatoboa kitu kama ukucha. Alitoboa nyama.

Hoja ya tatu ni ya uvumilivu, na hii ndiyo inayonikera zaidi kwa sababu tumeipata katika fasihi yetu wenyewe. Katika ngano zetu kobe ni mtulivu, mwenye hekima, asiye na haraka. Mitaani husemwa kwamba ukimwona kobe ameinama, jua anatunga sheria. Tunacheka, na msemo ni mzuri. Lakini kasa aliyeinamisha kichwa pembeni mwa beseni hatungi sheria yoyote. Pengine ana homa ya mapafu, na ndiyo maana anaelea upande. Pengine macho yamevimba. Wanyama wa jamii hii hufa polepole mno. Anaweza kukaa miezi bila lishe ya kutosha na bado akasogeza miguu, na mwenye nyumba akahesabu miezi hiyo kama ushahidi kwamba anamtunza vizuri. Ukimya wa mnyama si ridhaa. Kuku akiugua tunamwona siku hiyohiyo, mbuzi akiugua analia. Kasa hana sauti ya kutushtaki, na sisi tumeuita ukimya wake uvumilivu ili tulale usingizi.

Hoja ya nne husema kwamba haya ni mambo ya watu wenye pesa, na kwamba katika nchi ambako watu wanahangaikia mlo, kuhubiri lishe ya kasa ni anasa. Hoja hii naiheshimu kuliko nyingine, kwa kuwa inatoka katika maisha ya kweli. Lakini hebu tupige hesabu. Dagaa, tunaowaita mukene hapa kwetu, wanauzwa kwa mafungu katika kila soko. Konokono wa majini na minyoo ya udongo haiuzwi, inaokotwa. Mchanga laini wa mtoni huoshwa na kutumika. Maji ya bomba yakiachwa siku nzima katika chombo kilicho wazi, klorini yake hupungua. Ghali hapa ni juhudi: kubadilisha maji kila siku, kuondoa mabaki, kuwapanga samaki wa aina mbalimbali, kukagua ngozi na macho. Na tena mvuvi maskini siye anayemfuga kasa ili watalii wampige picha. Anayefanya hivyo ana nyumba ya wageni, ana jokofu lililojaa samaki kwa ajili ya wateja, na vichwa vya samaki hao hutupwa nyuma ya jiko huku kasa akitupiwa chapati. Usiulaumu umaskini kwa uvivu wa mwenye hoteli.

Tena, hakuna aliyelazimishwa kufuga. Umaskini unaweza kuwa udhuru wa mtu aliyeshindwa kumlisha mtoto wake, kwa maana mtoto hakuletwa nyumbani kama pambo. Kasa alitafutwa, akakamatwa, akaletwa. Aliyemleta alijitwika mzigo kwa hiari yake.

Hoja ya tano ndiyo yenye mavazi mazuri: kufuga ni kuhifadhi. Husemwa kwamba mtoni atanaswa na nyavu, ataliwa, mayai yake yatafukuliwa, basi heri awe kwetu. Ni kweli kwamba hali yake mtoni si nzuri. IUCN humhesabu kuwa miongoni mwa wanyama walio hatarini. Ndugu yake wa Nile Nyeupe, Cyclanorbis elegans, alikaribia kusahaulika kabisa, mpaka watafiti walipothibitisha katika miaka ya karibuni kwamba bado yupo Sudan Kusini. Mwaka 2016 mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg uliwaingiza kasa wa gamba laini wa Afrika katika Kiambatisho cha Pili, ili biashara yao ya kimataifa idhibitiwe. Hapa Uganda, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 haimruhusu mtu kumweka mnyama wa porini bila kibali. Wote hao wanakubaliana kwamba mnyama anahitaji ulinzi. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba ulinzi huo ni beseni.

Kuhifadhi maana yake ni kuhakikisha kwamba watakuwapo wengine. Kasa wa mto huchukua miaka mingi kukomaa. Hutaga mayai mengi kwa kuwa watoto wengi huliwa na ndege, samaki na kenge kabla ya kukua. Kwa hiyo aliyevuka hatari hizo zote na kukomaa ni hazina ya mto. Ukimtoa na kumweka peke yake uani, kwa habari za uzazi umemuua tayari, hata kama utampa samaki bora kila siku. Na ukiwaweka wawili katika chombo kidogo watang'atana, maana ni wanyama wa kuishi mbalimbali. Hifadhi ya nyumbani haizai kitu.

Sikatai kwamba kuna mahali ambapo kasa wa mto lazima atunzwe na binadamu. Aliyejeruhiwa na ndoana anahitaji matibabu. Waliokamatwa mikononi mwa walanguzi wanahitaji pa kukaa kabla ya kurudishwa. Shule na vituo vya elimu vyenye kibali vinaweza kumwonyesha kwa watoto wetu. Ndiyo maana nimetumia kurasa nzima kueleza lishe na maji badala ya kusema tu "msifuge". Mahali hapo napo pana haki ya kuulizwa. Mgeni yeyote anayelipa kiingilio na aulize: analishwa nini, na mara ngapi? Samaki wana miba? Maji yanachujwa au yanabadilishwa lini? Chini kuna mchanga au saruji? Ana mahali pa kupanda aote jua, na mahali pa kivuli? Kasa wachanga wana maji ya kina kifupi, ili wakiwa wamejizika shingo ifike juu bila kuogelea? Watoto wanaomgusa wananawa mikono kwa sabuni? Swali hili la mwisho si la mapambo. Wanyama hawa hubeba bakteria wa salmonela bila kuugua wenyewe, na ni kwa sababu ya watoto kuugua ndipo Marekani ilipopiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kasa wadogo wa kufuga. Mwenye kituo asiyeweza kujibu maswali saba mepesi hafai kupewa mnyama wala watoto.

Najua baadhi ya walimu wetu watauliza: hili linaihusu nini idara ya Kiswahili? Najibu kwamba linatuhusu kuliko wengi. Maelezo mazuri ya kumtunza mnyama huyu yapo kwa Kiingereza, Kijerumani na Kichina. Mlinzi wa nyumba ya wageni, mpishi anayetupa vichwa vya samaki, mvuvi anayemnasa katika wavu wake, hao hawasomi lugha hizo. Ziwa Albert lina watu wa Uganda upande mmoja na wa Kongo upande wa pili, na wanapokutana sokoni mara nyingi lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Tunajivunia jambo hilo katika kila kongamano. Lakini lugha inayounganisha watu sokoni na bado haina jina lililo wazi la mnyama aliyemo katika maji ya hapohapo, wala ukurasa mmoja wa kueleza anakula nini, ina kazi iliyobaki. Kazi hiyo ni yetu. Wenzetu wa pwani wana majina ya kasa wao, mmoja mmoja. Wa mito ya bara wanatusubiri sisi.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu ya kutendeka. Mosi, wanaosoma isimu wakusanye majina ya mnyama huyu kutoka lugha za kando ya Nile na maziwa, walete pendekezo la istilahi linalomtenga na kobe wa nchi kavu. Pili, wanaosoma tafsiri waandike kijikaratasi cha ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, kinachosema kwamba kasa wa mto hafugwi nyumbani, na kinachoeleza jinsi ya kumtoa kwenye wavu bila kumuumiza: ashikwe upande wa nyuma wa gamba, kwa kuwa shingo inafika mbali kuliko mtu anavyodhani, kisha arudishwe majini palepale. Tatu, sisi sote tukimkuta katika beseni tusipige picha na kuondoka. Tumuulize mwenyeji kwa adabu, tumweleze tunayoyajua, na akikataa, tuwaarifu wanaosimamia wanyamapori. Wapo watakaotuona wasumbufu. Heri msumbufu kuliko mtalii.